Barua Isiyo na Ng'ombe

Mwaka wa tatu nachapa barua za watu
kwenye kibanda cha stesheneri, Majengo,
kati ya muuza vocha na fundi cherehani.
Ukurasa elfu moja, kopi mia.
Nilijivunia mkono wangu.
Nilikuwa na maneno ya Jumapili, yamepigwa pasi:
*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*
*Napenda kuchukua fursa hii adhimu.*
*Kwa heshima na taadhima.*
Mteja hajakaa vizuri, vidole vyangu vimeshafika
*ni matumaini yangu ombi langu litakubaliwa.*

Mchana mmoja wa Agosti, upepo ukisukuma vumbi jekundu
hadi ndani ya mashine ya kopi,
akaingia mama Mbeleje Ndahani wa Mpunguzi,
kamba mkononi.
Kamba tu. Haina mnyama.

Akaeleza, nikachapa. Nikamtangulia:
yeye bado yuko lamboni,
mimi nimeshafika kwenye sahihi.
Nikamsomea kwa sauti ya taarifa ya habari.
Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:
"Ng'ombe wangu yuko wapi humo?"

Nikamwonyesha kwa kidole. *Mifugo husika.*

"Huyo Mifugo Husika ndiye nani?
Wangu anaitwa Kahawa.
Na hili *tukio la kusikitisha*, nani alisikitika?
Lile lori lilipiga honi, likaenda zake."
Akakataa kuweka dole gumba.
Akakataa kulipa. Sikumdai.

Jioni nikarudi kwangu, Chang'ombe.
Hebu ona: hata mtaa ninaolala una ng'ombe,
barua yangu haina.
Nikaifungua upya, nikaanza kufuta.
Nilifuta *fursa*, haikulia.
Nilifuta *adhimu*, hakuna aliyeiulizia.
*Taadhima* niliionea huruma, tumetoka nayo mbali.
Nikaifuta.
Ikabaki tarehe na weupe mtupu, nami nikaogopa.
Kumbe nilikuwa najificha,
na sikujua mpaka pazia lilipoanguka.

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Mpunguzi.
Nikauliza niliyopaswa kuuliza siku ile:
rangi gani? Saa ngapi? Maziwa kiasi gani?
Nani alikuwa wa kwanza kufika?
Mama akanipeleka kwenye mkungugu alikokuwa akimfunga.
Kamba imekula gome,
imeacha duara laini kama bangili.
"Na hili andika," akasema.

*Ng'ombe wangu Kahawa, mwenye pembe moja iliyotazama chini,*
*aligongwa na lori la kokoto la mradi wenu*
*Jumanne, jua likizama, akitoka kunywa maji.*
*Alinipa lita nne kwa siku.*
*Mbili niliuza, zikamlisha mjukuu wangu Nyemo shuleni.*
*Nyemo sasa anashinda nyumbani.*
*Mti niliomfunga una alama ya kamba. Njooni muuone.*
*Nataka ng'ombe, au bei ya ng'ombe.*

Basi. Hata nusu ukurasa haikufika.
Nilitoza mia tano, akatoa mia tano,
akakandamiza dole gumba mpaka wino ukapenya
upande wa pili.

Jibu lilikuja Novemba, mawingu yakidanganya watu.
*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*
*Suala lako linafanyiwa kazi.*
Nilicheka, halafu nikaacha kucheka:
ningeapa ni mimi niliyeliandika.

Mama hakutaka nirudie.
"Hiyo iache. Nisomee ile yetu."
Nikatoa kopi, nikasoma taratibu,
huku anapepeta uwele, ungo ukienda na sentensi.
Kwenye neno *maji* ungo ukasimama.

"Hapo umekosea.
Hakuwa anatoka. Alikuwa ndiyo kwanza anakwenda.
Alikufa na kiu."

Nikajipapasa mifukoni, natafuta kalamu.